Sinki la Jikoni Lisilopitisha Maji: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kutoa Fedha

Sinki la jikoni linapokataa kupitisha maji, watumiaji wengi huanza kwa kununua dawa ya kuzibulia, na dawa ikishindwa humwita fundi. Somo hili linapendekeza jambo jingine litangulie hayo mawili, nalo halina gharama: kuuliza maji yamekwama wapi. Maji yaliyokwama sentimita kumi chini ya sinki na maji yaliyokwama mita kumi nje ya nyumba huonekana sawasawa kwa mtu aliyesimama jikoni, lakini tiba zake hazifanani, na bei zake hazifanani kabisa. Mtumiaji asiyejua tofauti hiyo hulipa mara mbili, na pengine hujidhuru.

Mifano ya somo imechukuliwa Kaole, kusini mwa mji wa Bagamoyo. Kaole inajulikana kwa magofu ya msikiti na makaburi ya kale, na wageni wanaofika hapo huonyeshwa pia kisima cha zamani cha maji baridi kilicho karibu mno na bahari. Kisima hicho kina uhusiano na sinki lako, msomaji, kuliko unavyodhani. Kinatukumbusha kuwa katika ukanda huu maji ya ardhini hayako mbali na miguu yetu. Nyumba nyingi za huku hazikuunganishwa na mtandao wa mabomba ya majitaka. Kila nyumba ina karo lake na shimo lake la kunyonya maji, na yote yanayoteremka sinkini huishia katika mchanga uleule ambamo jirani amechimba kisima.

Njia ya maji tangu sinkini hadi ardhini

Chini ya sinki kuna kichujio, kisha bomba fupi linaloingia katika kipande kilichopinda, au katika kikombe cha plastiki kinachofunguliwa kwa kuzungushwa. Mafundi wengine hukiita mtego, nasi tutatumia jina hilo. Kazi ya mtego ni kubakiza maji kidogo muda wote, ili hewa chafu ya karo isipande jikoni. Alexander Cumming, mtengenezaji wa saa wa London, alipata hataza ya choo chenye bomba lililopinda hivyo mwaka 1775, na wazo hilo halijabadilika sana tangu hapo. Kwa kuwa mtego umeumbwa ubakize maji, hubakiza pia kila kizito kilichomo majini. Ndiyo maana uzibaji mwingi wa jikoni huanzia hapo.

Baada ya mtego, bomba, kwa kawaida la inchi moja na nusu au inchi mbili, hupenya ukutani na kutoka nje hadi kwenye chemba, yaani kisanduku cha zege chenye mfuniko. Kutoka chemba maji huenda kwenye karo ambako uchafu mzito hutulia chini, kisha maji yaliyobaki huingia katika shimo la kunyonya. Jikoni, mtego, chemba, karo, shimo: mtumiaji akiijua njia hii, nusu ya kazi imekwisha.

Kupima bila kifaa chochote

Nenda bafuni kwanza. Mwaga ndoo ya maji sakafuni, kisha vuta maji ya choo kama ni cha kuvuta. Maji ya huko yakiteremka vizuri, tatizo ni la jikoni peke yake. Bafu nalo likisuasua, au choo kikipandisha maji kabla ya kushusha, usihangaike na sinki, kwani chanzo kiko nje.

Kisha fungua mfuniko wa chemba iliyo karibu na jikoni. Uinue kwa chuma au ubao wala si kwa vidole, usimame upande unakotoka upepo, na uzuie watoto wasikaribie. Mtu mwingine aachie maji sinkini. Chemba ikiwa kavu huku sinki limejaa, kizuizi kiko baina ya sinki na chemba. Chemba ikiwa imejaa, kizuizi kiko mbele yake: katika bomba la kwenda karoni, katika karo lenyewe, au katika shimo lisilonyonya tena. Kipimo hiki cha dakika tano kina thamani kuliko chupa tatu za dawa, na inashangaza jinsi kinavyofanywa mara chache.

Sikiliza pia sauti. Sinki linalokoroma na kutoa mapovu huku maji yakishuka kwa kusitasita huenda halijaziba, bali limekosa hewa. Anayeuza mafuta ya kula kwa dumu anaijua hali hii: dumu lenye tundu moja hutoa mafuta kwa kukoroma, likitobolewa tundu la pili juu hutiririka kwa utulivu. Bomba la majitaka nalo huhitaji bomba la kupumulia linalopanda juu ya paa. Pengine lipo lakini ndege wamejenga kiota ndani yake, na pengine mjenzi hakuliweka.

Kinachoziba sinki la pwani

Vijitabu vingi vinavyozungumzia jambo hili huandikwa kwa ajili ya majiko ya nchi za baridi, vikitaja mafuta ya nyama na mabaki ya kahawa. Jiko la Kaole lina mambo yake.

Machicha ya nazi ni ya kwanza. Hayayeyuki, hayaozi upesi, na nyuzi zake hushikamana kama kamba. Machicha yakikutana na mafuta ya nazi, mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi. Katika kipupwe, hasa Julai na Agosti, usiku wa Bagamoyo hushuka chini ya hapo. Mafuta yaliyoteremka jioni yakiwa maji, asubuhi yamekuwa nta nyeupe iliyoshika machicha, magamba ya samaki na punje za wali. Mtumiaji anayeona sinki lake linaziba kila kipupwe na kuzibuka lenyewe jua la Novemba linapokolea hana haja ya kushangaa.

Mchanga ni wa pili. Kusugua sufuria zenye masizi kwa mchanga na majivu ni desturi nzuri iliyotunza vyombo kwa vizazi vingi, lakini ilikuwa desturi ya uani, ambako maji yalimwagwa chini ya mgomba. Ilipohamia sinkini, mchanga ulipata mtego wa kutulia. Vijiko viwili vya mchanga kwa siku vinatosha kujaza kikombe cha mtego katika muda mfupi, na hakuna dawa ya kemikali inayoyeyusha mchanga. Anayesugua kwa mchanga aendelee kusugulia uani.

Tatu ni sabuni pamoja na maji ya kisima. Maji yanayotoka katika ardhi ya matumbawe huwa na chokaa nyingi. Sabuni ya mche ikikutana nayo haitoi povu jingi, bali hufanya utando wa kijivu unaogandamana ndani ya bomba mwaka baada ya mwaka. Ugali na wali navyo havisaidii, kwa kuwa wanga huvimba ukilowana na hushika kama gundi.

Kuzibua kwa mikono

Kama kipimo kimeonyesha kuwa kizuizi kiko jikoni, anza na mtego. Teka maji yaliyo sinkini kwa kikombe, weka ndoo chini ya mtego, kisha uufungue kwa mkono. Ukiwa mgumu, tumia kitambaa ili kupata mshiko, maana koleo hupasua plastiki. Toa uchafu wote, usugue ndani, na utazame washa ya mpira: ikiwa imepasuka au imekakamaa, ibadilishe, kwa kuwa bei yake ni ndogo na uvujaji wake huozesha kabati. Tahadhari moja ya kuchekesha ambayo huwapata wengi: maji machafu yaliyo ndooni usiyamwage katika sinki hilohilo kabla hujarudisha mtego.

Mtego ukiwa safi na maji bado hayaendi, tumia kikombe cha mpira chenye mpini. Ziba kwa kitambaa kibichi tundu la juu la kupunguzia maji. Sinki likiwa la mabakuli mawili, ziba na bakuli la pili, vinginevyo nguvu yote itatokea huko. Acha maji ya kutosha kufunika kikombe, kisha sukuma na kuvuta mara 15 hivi bila kukiinua. Kuvuta kuna kazi sawa na kusukuma, kwani uzibaji wa nyuzi hulegea kwa kutikiswa huku na huku.

Hatua ya mwisho kwa asiye fundi ni waya mrefu laini wa kuzungusha, unaoingizwa polepole baada ya kutoa mtego. Mtarimbo au nondo usitumike. Bomba la plastiki hutobolewa kwa pigo moja, na tundu lililo ndani ya ukuta hutambuliwa baada ya miezi, rangi inapobanduka na fenicha kuota ukungu.

Maji ya moto husaidia pale tatizo ni mafuta, lakini yawe ya moto bila kuchemka. Plastiki ya mabomba huanza kulegea kabla maji hayajafikia kuchemka, na maungio yaliyogundishwa huachia.

Kuhusu dawa za kuzibulia

Dawa nyingi zinazouzwa kwa kazi hii ni kostiki soda, yaani sodiamu haidroksaidi, ikiwa ya chengachenga au ya maji. Hugeuza mafuta kuwa sabuni, na kwa hiyo inaweza kusaidia pale kizuizi kikiwa mafuta matupu na maji bado yanapita japo kidogo. Kwa mchanga, machicha au mfuniko wa chupa haina msaada wowote. Katika sinki lililosimama kabisa, dawa hubaki juu ya kizuizi, na anayefungua mtego baadaye, awe mwenye nyumba au fundi, humwagikiwa na maji yanayounguza. Kwa maoni yetu, sinki lililosimama kabisa halistahili kuwekewa dawa hata kidogo.

Aliyekwisha kuitia amwambie fundi kabla hajagusa kitu. Fundi asiyeambiwa hawezi kujikinga.

Kuna mchanganyiko ambao mtumiaji hapaswi kuujaribu kamwe. Dawa ya kung'arishia yenye klorini ikikutana na tindikali, kama ile iliyomo katika baadhi ya dawa za vyoo, hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Kostiki soda ikikutana na tindikali huchemka na kuruka. Na ikiguswa na alumini, ambayo ndiyo madini ya sufuria zetu nyingi, huila na kutoa gesi inayowaka. Kwa hiyo sufuria isitumike kuchanganyia, wala vyombo visiachwe sinkini.

Kostiki soda ikimwingia mtu machoni au ikimwagika mwilini, suuza kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 20, ukivua nguo zilizolowa, kisha nenda kituo cha afya pamoja na chupa au pakiti yake. Usipake mafuta, usipake dawa ya meno, wala usijaribu kuizimua kwa siki au ndimu. Aliyeimeza asilazimishwe kutapika, kwa kuwa itaunguza koo mara ya pili. Unaponunua, kataa dawa iliyomiminwa katika chupa ya maji ya kunywa isiyo na maandishi, hata kama bei yake inavutia. Mtoto hana namna ya kujua kuwa kilichomo si maji.

Chanzo kikiwa nje

Chemba iliyojaa wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, mara nyingi husema jambo moja: ardhi imeshiba. Mchanga wa Kaole hunyonya vizuri ukiwa mkavu, lakini mvua kubwa ikiinua maji ya ardhini hadi usawa wa shimo, maji ya sinki hayana pa kwenda. Kwa nyumba zilizo karibu na ufuko, bamvua nalo huweza kuchangia. Mtumiaji aandike kwa majuma mawili siku na saa ambazo sinki husuasua, alinganishe na mvua na kujaa kwa bahari. Daftari hilo litamwonyesha kama ana tatizo la bomba au la mahali shimo lilipochimbwa. Kulichimba kwenda chini zaidi si dawa, kwa sababu huko ndiko maji yaliko. Tena ni hatari kwa visima. Kipimo kinachotumika sana ni kuacha mita 30 baina ya shimo la majitaka na kisima, na sehemu ya chini ya shimo ibaki juu ya usawa wa maji ya ardhini.

Usisahau uwezekano kwamba shimo limejaa maji safi. Funga mabomba yote ya nyumba na utazame mita ya maji. Ikiendelea kuzunguka, kuna uvujaji upande wako, na huenda ndio unaoshibisha ardhi. Mita ikitulia huku ardhi karibu na bomba la mtaa imelowa siku kavu, toa taarifa kwa mamlaka ya maji, ambayo kwa Bagamoyo ni DAWASA.

Karo likiwa limejaa tope, huhitaji gari la kunyonya majitaka. Muulize dereva anakwenda kumwaga wapi kabla hujamlipa. Jibu la kusitasita lina maana kwamba uchafu wako unaelekea katika mikoko au katika shamba la mtu.

Neno kuhusu kuingia shimoni tunaliweka hapa kwa uzito wote. Mtu yeyote asishuke katika karo au chemba yenye kina kwa sababu yoyote, si kuokota mfuniko, si kuchokoa bomba. Majitaka hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi. Ikiwa kidogo hunuka kama yai viza, lakini ikizidi hulemaza pua, hata mtu akadhani imekwisha. Anayeishiwa nguvu chini humvuta anayekuja kumwokoa, na huyo humvuta wa tatu. Akianguka mtu, omba msaada wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114, na uwazuie walio juu wasimfuate.

Kuzungumza na fundi

Tuseme mama mwenye nyumba amemwita kijana wa mtaani, naye baada ya kutazama sinki kwa nusu dakika anasema, "Mama, hapa bomba lote libadilishwe." Mama huyo ana haki ya kujibu, "Mwanangu, nimefungua chemba, ni kavu. Bafuni maji yanakwenda. Nionyeshe kwanza mtego." Jibu hilo peke yake hubadilisha mazungumzo ya bei. Fundi mwaminifu halichukii, bali hufurahi kwa kuwa kazi yake imepungua.

Mkubaliane bei ya kazi nzima kabla ya kuanza, na iandikwe kama ni pamoja na vifaa au la. Kazi ikiisha, usijaribu kwa maji ya bomba yanayochuruzika. Jaza sinki hadi juu, kisha uachie yote kwa mkupuo huku mwingine akitazama chemba na mwingine akipapasa maungio kwa karatasi kavu. Kama bomba limebadilishwa, pima mteremko wake kabla halijafukiwa: sentimita 2.5 kwa kila mita ni wastani mzuri kwa bomba la jikoni. Bomba lililolala huacha mafuta yatulie, na kona kali ya mraba ni afadhali igawanywe kuwa kona mbili za wazi. Bakia na vipande vilivyotolewa, na udai stakabadhi. Fundi aliyepata cheti cha VETA cha ufundi bomba hana sababu ya kukificha ukiuliza.

Aliyeuziwa bidhaa kwa maelezo ya uongo, mathani dawa iliyoandikwa kuwa inayeyusha kila kitu, anaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mtumiaji. Ubora wa bidhaa yenyewe ni jambo la Shirika la Viwango Tanzania. Jirani anayeelekeza maji yake machafu barabarani au kwenye kisima chako ashitakiwe kwa afisa afya wa halmashauri, baada ya kuzungumza naye kwa wema bila mafanikio.

Malalamiko kuhusu huduma ya maji au majitaka huanza kwa mtoa huduma mwenyewe, kwa maandishi. Asipokujibu, au jibu lisipokuridhisha, yapelekwe EWURA, na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA CCC, lipo kumsaidia mtumiaji kuyaandaa. Ambatisha namba ya akaunti, tarehe uliyotoa taarifa ya kwanza, jina au cheo cha aliyeipokea, picha ya chemba ikiwa imefunguliwa, na nakala ya daftari lako la majuma mawili.